Picha Tatu za Meno ya Amoit

Jumanne, jioni. Malaba ni vumbi na joto, foleni ya malori imefika karibu na mlango wangu, na mimi nimekasirika. Kama mwanahabari nimeripoti ajali na mafuriko, nikarudi nyumbani nikala. Leo chakula kimepoa mezani.

Sababu ni neno moja: picha.

Mama Amoit huwauzia madereva wa malori mayai ya kuchemsha. Binti yake, Amoit, ana miaka tisa. Alizaliwa na ufa mdomoni uliopita hadi kwenye kaakaa. Mdomo ulishonwa akiwa mchanga, kaakaa baadaye. Umebaki ufa kwenye ufizi wa juu, upande wa kushoto, na juu yake, ndani ya mfupa, jino la chonge la ukubwani linashuka. Daktari anahitaji kuona limekaa wapi, ili mfupa upandikizwe kwenye ufa kabla jino halijafika. Likitangulia, halina pa kushika.

Kliniki iliyopita Mama Amoit aliambiwa, "Lete picha ya meno."

Akaenda studio siku hiyohiyo. Angekwenda wapi? Kabla ya kila upasuaji walikuja watu na kamera, wakampiga mtoto picha mdomo wazi. Kwake hiyo ndiyo picha ya hospitali. Aliporudi nayo walicheka, wakamwambia alete picha ya maana, wakamrudisha nyumbani. Hakuna aliyetamka neno eksirei.

Leo aliniomba niwasindikize, yeye na Amoit, hospitalini Busia. Alikuwa na bahasha ya kaki kwapani. Kwenye dirisha la mapokezi akaifungua: picha nyingine, kubwa zaidi, ya rangi, imefunikwa plastiki. Amoit amepanua mdomo mbele ya pazia lenye maporomoko ya maji.

"Mama, hii sasa tutundike wapi? Sebuleni?" karani akasema.

Benchi zima likacheka. Amoit akavuta kola ya sweta hadi puani.

"Boss, si mlisema ile ndogo si ya maana?" Mama Amoit akamjibu. "Nimeleta kubwa."

Hakuwa anatania.

Nikamuuliza karani chumba cha eksirei kiko wapi. Akanyoosha kidole bila kuinuka. Mlango unaonekana kutoka pale alipoketi. Ulikuwa unaonekana mara ya kwanza pia.

Eksirei ilipigwa kabla chai ya karani haijapoa. Daktari wa meno akatuonyesha kwenye kompyuta: jino la chonge la kushoto limelala mshazari, ncha yake inachungulia kwenye ufa. Kliniki iliyopita, alisema, pengine lingekuwa bado juu. Nafasi ipo, lakini imekuwa ndogo. Atampigia daktari wa upasuaji leo leo.

"Kwa hivyo nimechelewa?" Mama Amoit akauliza.

Daktari akachukua simu.

Mama Amoit hakuchelewa. Alifika siku aliyoambiwa, na kitu alichoambiwa. Nimeandika sentensi hii mara kadhaa jioni hii na kila mara nimeikazia kalamu.

Jina la hospitali siandiki. Neno hilo, picha, hutamkwa hivyohivyo kwenye madirisha mengi, na wanaolitamka wanajua wanamaanisha nini. Kueleza kungechukua sentensi moja. Kucheka kulikuwa rahisi zaidi.

Tukitoka, Amoit aliniuliza kwa nini jino lake limelala. Nikamwambia linatafuta njia ya kushuka.

"Si liambiwe lingoje," akasema, kiganja mdomoni.

Muda mfupi uliopita Mama Amoit amenipigia simu. Daktari wa upasuaji amekubali kumwona mtoto wiki ijayo. Kama jino litangoja hadi hapo, sijui, na daktari naye hajui.

Nitakwenda nao. Nitasimama dirishani mwenyewe, na atakayecheka atanieleza kinachochekesha.

Nilimkumbusha abebe eksirei tuliyopewa. Akasema atabeba picha zote tatu, asije akarudishwa tena.