Umeme wa Kumufikia Mama

Jumatatu, 4 mwezi wa nane
Umeme umerudi alfajiri. Nimechomeka gari mbele ya kunawa uso. Papa Riziki ananicheka, ati bwana wangu ni yeye ao ni gari? Anyamaze. Bei ya esansi imepanda tena, na gari yangu, yenye betri na moteri ya esansi pamoja, inaenda soko, kanisa, bandari, inarudi na umeme tu, bila kunywa tone. Kioo cha gari kinaandika kilometa makumi ine za umeme. Na muchanga wetu na hii milima, weye hesabu makumi tatu. Si gari inadanganya, njo barabara.

Jumamosi wanaleta mahari ya Riziki, binti yetu. Kwetu nkambo wake lazima apokee kitenge kwanza, hapo njo mazungumuzo yanafunguka. Nkambo ni mama yangu. Yuko kijijini Niemba, mbali. Kesho namufata.

Jumanne, 5
Nimeshindwa. Naandika na machozi.

Nilitoka muji wetu Kalemie na umeme, nikifurahia bure. Uliisha mapema. Nikafika Niemba na esansi, moteri inanguruma. Mama akaacha kinu, akakimbilia shamba la mihogo. Tangu vita, malori yalipoingia kijijini, mungurumo unamutoa akili. Nilijua! Nilimukuta amelala chini, mikono juu ya kichwa.

"Mwanangu, ungekuja na baiskeli," akasema.

Nimerudi peke yangu. Mupumbavu miye.

Jumatano, 6
Shemeji Déo anasema niuze hii friji ya magurudumu, nikodi pikipiki. Pikipiki! Yenye kelele ile! Karibu nimufukuze na sahani yake mukononi.

Kisha nikakaa ndani ya gari. Kuna kifungo cha kutunza umeme: ukikibonyeza, gari inakula esansi, umeme unangoja. Sikukigusa hata siku moja. Ubahili. Nani atachoma esansi na umeme uko? Haya, miye.

Alhamisi, 7
Umeme umekatika mchana kutwa. Betri nusu. Nazunguka lupango, uwanja wa nyumba, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Majirani wamekuja kuchaji telefone kwenye gari, nimewakatalia wote. Wamenuna.

Umerudi magaribi. Asante Mungu.

Ijumaa, 8
Njia yote na esansi. Riziki pembeni, macho kwenye kioo. Mbele ya nyumba ya kwanza ya Niemba nikaachia umeme. Kimya. Hata kuku hawakutoka barabarani.

Mama alikuwa anatwanga. Hakugeuka mpaka Riziki alipomushika bega. Akaizunguka gari. Akaigusa.

"Imezimika?"

"Hapana, Mama. Inatembea hivi."

Akapanda. Akapanda! Ewe gari, nakupenda kuliko ndugu zangu wengine.

Lakini umeme haufiki Kalemie, nilijua. Ulipobaki kidogo nikaanzisha wimbo wa kanisa, Riziki akaudaka kwa nguvu. Moteri ikawaka. Mama akanikamata mukono.

"Nasikia," akasema. "Imba tu."

Tukaimba mpaka nyumbani. Sina sauti.

Jumamosi, 9
Kitenge kiko juu ya magoti ya Mama. Mahari imepokelewa. Nimechoka vibaya.

Jumapili, 10
Wageni wameenda. Gari iko kwenye umeme. Mama amekataa kiti. Amekaa ndani ya gari, mulango wazi, anachambua maharagi. Ameniuliza nani aliitengeneza. Sijui. Yeye anafikiri ni muntu aliyewahi kukimbia vita.

Papa Riziki alikuja kuichomoa ili achaji telefone yake. Mama akakohoa tu. Mukwe hajibizani na mama mukwe. Amerudi ndani, telefone mukononi.