Karafuu Kwenye Pombe ya Tambiko

Shangazi Paskazia, shikamoo. Mimi ni Zipora, mzaliwa wa Runzewe niliyeolewa Samuye, naomba unishike mkono maana Jumamosi ya wiki ijayo inakuja na sijui niseme au ninyamaze. Mama mkwe wangu, Mama Ndaki, ndiye aliyenifundisha kupika pombe ya mtama, ile nyeusi ambayo kimea chake tunakikaanga mpaka kinafanana na kahawa, na mama huyu sijui nimshukuruje, kwa sababu nilipojifungua kwa upasuaji alinikanda na kunifulia miezi mitatu bila kununa, sasa mwaka jana akaugua yeye, akapona, lakini ulimi ukapoteza ladha, kila chakula anasema ni kama anatafuna karatasi, roho ikaniuma, ndipo nikatwanga karafuu, tangawizi na mdalasini alivyonipa rafiki yangu Shadya, Mwislamu mwenye duka, anayedhani navitia kwenye chai, nikavitia kwenye pombe, na mama alipoonja akashika kibuyu kwa mikono miwili akalia, "Wabeja, asante mwanangu! Leo nimesikia ladha!"

Kwa furaha sikumweleza, kumbe yeye anaamini wazee waliotangulia ndio waliomrudishia ulimi, na ameutangazia ukoo kwamba nitapika mimi pombe ya tambiko la kuwashukuru Jumamosi hiyo, "ile ile, usibadilishe kitu," wakati kwao pombe ya wazee ni mtama, kimea na maji tu, ukitia kingine umewatukana. Nikiweka viungo nimewadanganya wote, nikiacha atagundua, nikisema namnyang'anya furaha yake. Nimewaza nipike isiyo na kitu, halafu yeye nimpe kibuyu chake cha siri. Nisaidie.

*

Marahaba, Zipora. Nimecheka, nikakasirika, nikacheka tena. Ulifanya jambo jema kwa moyo safi, halafu ukaliharibu kwa kunyamaza.

Hilo la kibuyu cha siri lifute kabisa. Kwenye tambiko watu wanapokezana, na shemeji mmoja akipiga funda moja tu, umeumbuka mbele ya ukoo mzima. Na Shadya je? Umemwingiza kwenye pombe bila ridhaa yake, tena bila hata kuona kwamba ni kosa, maana hukuniuliza. Kamwombe radhi, na viungo vya pombe ununue kwa mtu mwingine, usimdanganye muuzaji.

Kwa mama mkwe nenda leo, kabla hujaloweka mtama. Mshike mkono, umwekee karafuu kiganjani, anuse. Mwambie ulichotia na kwa nini. Usimwambie kwamba wazee hawakufanya kitu, hilo si lako kuamua. Kisha mwombe asimamie mwenyewe pombe ya tambiko: mtama, kimea, maji, basi. Ya viungo ipike kwenye chungu kingine, kila mtu ajue kuna nini ndani, inywewe tambiko likiisha. Na karafuu iwe chache, si konzi, isije ikageuka dawa ya jino.

Akikasirika, tulia umsikilize. Mama huyo anatafuta wa kuwashukuru, Zipora, na hajui kwamba mmoja wao anapika naye jiko moja. Kamwambie.