Picha Yenye Ulifunga Nayo Samaki

Kamina

Yaya Julie, dada mukubwa wa mu roho yangu,

Samaki yako ya Bukama ilifika muzuri. Kichwa yote nilikula minyi, mbele bwana yangu Abdias atoke ku masomo kwenye anafundishaka. Usimwambie!

Ile kalendari ya ba-Katolike yenye ulifunga nayo samaki, sikuitupa. Iko na picha ya zamani: mutakatifu anapiga magoti, mbingu inafunguka, Mutoto Yesu anashuka mu mwangaza, na ule mutu anamunyoshea mikono. Niliitundika mu salon. Abdias akakasirika: "Siye ba-Méthodiste hatuwekake batakatifu ku kibambazi!" Nikamwambia aitoshe pale yeye mwenyewe. Hakuitosha, aliiacha.

Weye unajua, tangu tulizika mutoto wetu Béni, bwana yangu hakutaja hata jina yake. Nilikuwa nalia minyi peke yangu.

Jana pasta alikuja kutusalimia. Akaangalia picha, akauliza: "Papa Abdias, huyu iko mutakatifu gani?"

Abdias akasimama mbele ya picha. Kisha akasema: "Pasta, mutakatifu haiko. Huyu iko baba tu, banamurudishia mutoto yake."

Njo akalia, yaya. Nikamukamata mukono.

Picha itabakia palepale, hata ikinuka samaki yako.

Mudogo wako mwenye kukupenda,
Débora