Gari Lisilowahi Kulala Bila Waya

Mama mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta goti limetulia, na Baba ameacha kupanda paani kukwangua theluji kama kijana. Sisi hatujambo. Helmi ameota jino la kumi na anamng'ata kila anayempa kidole. Tumbo langu limeshuka kidogo, lakini mkunga anasema bado wiki tatu, nisiwe na haraka. Blanketi la sufu ulilolifuma lilifika salama. Nimelikunja juu ya kitanda kidogo, na nikipita hapo nalipapasa kama vile tayari kuna mtu ndani yake.

Ningekupigia simu, ila ungenigombeza kabla sijamaliza, na haya nataka uyasikie yote.

Unajua tangu karakana ya mjini ifungwe mume wangu Tuomo anafanya kazi bandani kwetu. Anafungua kompyuta ya injini, ile inayoamua injini inywe mafuta kiasi gani, anaiandikia namba zake mwenyewe. Wateja wanatoka hadi upande wa Norwe. Anawaambia kwamba injini aliyoishika yeye haijui Julai wala Januari, mwendo ni uleule. Na ni kweli, Mama, majira ya joto gari letu lilikuwa linateleza kama siagi kwenye kikaango. Nilijivuna nalo. Hata sasa najivuna.

Lakini kabla ya Krismasi tulikwenda dukani mjini, na nguzo zote za umeme za kuchomekea magari pale uwanjani zilikuwa zimeshachukuliwa. Tukaliacha gari bila waya wa umeme wa kupashia injini isigande. Tulikunywa kahawa, tukazungumza na watu, tukakaa sana. Tulipotoka, gari lilikohoa, likazima, likakohoa tena, ndipo likawaka likitetemeka. Siku hiyo wala baridi haikuwa kali. Tuomo alicheka, akaniambia eti hata wewe mama Helmi ukiamka bila kahawa unakohoa, mbona sikupeleki kwa fundi. Nilicheka na mimi. Lakini kile kikohozi kilinikaa kifuani.

Nikaanza kumtazama anavyofanya kazi. Mimi shule niliiacha mapema, unajua, lakini mchoro wowote nauona. Kwenye kompyuta yake kuna mstari wa mafuta. Upande wa joto umepinda hapa na pale, kila kona ameijaribu barabarani. Upande wa baridi kali umenyooka kama umepigwa na rula. Nikamuuliza mbona huku umenyooka. Akasema huko hakuna injini inayofika, ndiyo maana amekisia tu, kwa sababu kila asubuhi anapojaribu, gari limelala na waya na maji yake ni vuguvugu. Nikamwomba alilaze usiku mmoja bila waya, alijaribu likiwa limeganda kweli. Alinitazama kama nimemwambia amlaze Helmi nje uchi. Akasema, nani huku Laplandi analaza gari bila waya, mke wangu, hata Penti mlevi, anayesahau kuvaa viatu, waya hausahau.

Mama, ulinifundisha kwamba mtoto akilala nje kwenye kigari chake, usimguse mkono kujua kama ana baridi, mguse shingoni. Tuomo ameigusa injini mkono tu.

Hospitali ni mwendo wa saa mbili, msitu mtupu, na gari la wagonjwa linatoka hukohuko mjini. Rauha, jirani yetu wa pekee mwenye gari, amekwenda kwa wanawe kusini mpaka baridi ipungue. Mwaka jana theluji iliangusha miti juu ya nyaya tukakaa siku nzima bila umeme, na mtoto hachagui siku ya umeme. Nilimwambia Tuomo haya yote. Akasema nikimtilia shaka mimi, wateja wafanyeje. Akaenda kupasua kuni, na siku mbili hakunipigia mluzi wake wa asubuhi.

Sasa nakuambia jambo ambalo yeye halijui. Leo amekwenda na pikipiki ya theluji kumsaidia mjomba wake kwenye zizi la kulungu wa theluji, huko simu haishiki, atarudi usiku. Baridi ni digrii thelathini na nane chini ya sifuri na inazidi kuwa kali. Miti inapasuka msituni kama bunduki. Sauti ya pikipiki ilipopotea tu, nilitoka nikauchomoa waya wa gari. Nilitaka aje alikute limeganda, ajaribu kuliwasha, lizime mbele ya macho yake, hapa kwetu penye banda na vifaa, tukiwa bado na wiki tatu mkononi. Atakasirika. Na akasirike. Akishakasirika atakaa chini aurekebishe ule mstari, namjua, hawezi kuvumilia kitu kilichomshinda. Mtoto huyu atafika hospitali kwa gari zuri kuliko yote ya kaskazini, na baba yake ndiye atakayelitengeneza. Usinigombeze, Mama. Niombee tu.

Msalimie Baba, msalimie shangazi Lempi, na mbwa mpe mfupa kwa niaba ya Helmi. Nikishajifungua, wewe ndiye wa kwanza kupigiwa simu, hata kama ni alfajiri.

Wako akupendaye,
Jonna

Nilitaka kuifunga bahasha nikakumbuka kukuambia kwamba mgongo unaniuma tangu mchana, maumivu yanakuja na kuondoka, na sasa yanakaribiana. Ni zile kuni tu nilizobeba. Tuomo hajarudi bado. Nimekwenda kuuchomeka waya tena, ingawa kwa baridi hii utachukua hadi asubuhi kulipasha. Na Helmi nimemvalisha nguo za safari. Amelala nazo, amependeza sana.