Kitanda cha Kumi na Nne

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko mlikokimbilia, wewe na wanao. Natumaini kikohozi cha kitindamimba kimepungua na hema halivuji tena. Mimi mzima wa mwili. Barua yako nimeipata, na swali lako nimelisoma: askari walijuaje kitanda cha mumeo? Nitakujibu, ila niruhusu nianzie mwanzo, maana ukisikia nusu utanisamehe bure.

Siku ya maandamano walifyatua risasi kwenye mtaa wa mafundi kwa dakika kumi na moja. Nilizihesabu kwa saa ya ukutani nikiwa ubalozini, nyuma ya kioo kisichopitisha risasi. Shemeji alipigwa mbili: moja ilivunja paja, nyingine ikang'oa meno ya upande wa kushoto. Mshona viatu jirani yake alipasuliwa kichwa. Shemeji alilala chini ya maiti yake mpaka askari walipoondoka.

Kesho yake balozi alinituma hospitalini kuandika maelezo ya majeruhi, kwa kuwa mimi ndiye mkalimani wake. Wodi ilikuwa na vitanda thelathini na kimoja, vyote vimejaa. Shemeji alikuwa cha kumi na nne. Kwa mdomo ule uliovimba akanitania kama kawaida yake: "Shemeji, huyo bosi wako kila wiki anasikitika. Mwambie apumzike, atakufa kwa majonzi." Wakacheka wote ambao mbavu zao ziliruhusu.

Balozi alikasirika kweli, tusimwonee. Mabalozi sita walikutana, wakabishana siku mbili kama walaani au waeleze wasiwasi wao. Wasiwasi ukashinda. Barua ikaandikwa kwenda wizarani, ikaambatanishwa na orodha ya majeruhi ili serikali isidai kwamba hakuna aliyeguswa.

Ilifika wizarani Alhamisi saa nne asubuhi. Ijumaa saa tatu askari walikuwa wodini. Muuguzi wa zamu amenisimulia kwa taabu, maana walimvunja taya kwa kitako cha bunduki alipowazuia mlangoni. Ofisa wao alishika karatasi, akawa anasoma jina, kisha namba ya kitanda. Waling'oa dripu, wakawaburuta watu kwa miguu. Shemeji aling'ang'ania chuma cha kitanda; wakamponda vidole mpaka akaachia. Walipotimia tisa gari lilijaa, ofisa akakunja karatasi akaondoka. Wote tisa walikutwa kwenye machimbo ya kokoto, mikono imefungwa nyuma, kila mmoja na risasi ya kisogo. Mabalozi wametoa tamko. Wamesikitika.

Sasa, dada. Balozi alitaka kuandika idadi tu. Aliniuliza kama majina hayatawaponza watu. Nikamwambia kwamba mtu anayejulikana na mabalozi sita hakuna atakayethubutu kumgusa. Kwa miaka kumi na tisa ndivyo tulivyofanya kazi: mfungwa tuliyemtaja alitoka, tusiyemtaja alipotea. Akaniamini. Orodha nikaichapa mwenyewe, kwa kufuata vitanda, ili wakibisha waje wahakikishe. Nilipomaliza nikamtoa shemeji kwenye namba kumi na nne, nikampandisha juu kabisa. Niliona wa kwanza ndiye atakayesomwa na kila mtu, na yeye ni wetu.

Kuanzia wa kumi kwenye orodha mpaka wa mwisho wako hai. Mchana uleule mabalozi walituma magari yao wakawahamisha.

Wasalimie watoto, na ukiona vema usiwasomee haya. Siku ile wodini shemeji alinikabidhi meno yake matatu ndani ya kitambaa, akasema nimtunzie, atamtafuta fundi wa kuyarudisha. Ninayo. Sikuyaweka humu kwa sababu sijui kama utataka kupokea kitu kutoka mkononi mwangu. Utaniambia.

Mdogo wako,
Mkalimani