Kiingereza Ulichokichagua, Bibi

Shikamoo, Bibi Tatu.

Marahaba yako siisikii, lakini najua nikianza bila shikamoo utanigeuzia mgongo hata huko uliko. Ni mimi Zaina, uliyenifundisha ukunga. Masika yamekwisha tangu tukuzike. Wanawake wa Bagamoyo sasa wanapiga hodi kwangu, na kila wakipiga nageuka nyuma nione kama utatangulia wewe.

Watu wanaisifu mikono yako. Mimi nakisifu kile Kiingereza chako walichokicheka.

Unamkumbuka yule mama wa Makurunge. Tulimpeleka hospitali, wewe ukijua kabisa kwamba mtoto amekingama tumboni, na daktari wa Kizungu Kiswahili hakijui. Tarishi aliyetafsiri alisema tu kwamba bibi anasema tumbo linauma. Mpaka daktari ajionee mwenyewe, mtoto amekwisha kufa. Njiani ulisema, "Leo mikono ilijua, ulimi ukashindwa." Wiki ile ile ukaanza kutafuta darasa, wewe mwenye wajukuu.

Na namna ulivyolichagua, Bibi, mpaka leo naisimulia. Kila mwalimu ulimpa mtihani wako: akufundishe kusema mtoto amekingama. Karani wa boma alicheka, akasema mwanamke wa umri wako aanze na kumwamkia bwana mkubwa. Ukamjibu, "Salamu ninazo, mwanangu, nimezaliwa nazo." Tukatoka. Mwalimu Petro, yule kijana wa Miono anayefundisha watu wazima barazani kwake, aliona haya akatazama viatu vyake. Akasema, "Bibi, hilo sikufundishwa. Nipe mpaka Jumanne nikamwulize muuguzi wa misheni." Jumanne akawa nalo. Ukaniambia huyo ndiye, kwa sababu anajua ujuzi wake unaishia wapi.

Majirani wakasema Bi Tatu anakwenda kubatizwa. Wewe ukaenda na msala wako kwapani. Alasiri ikiingia unaswali pale pale barazani, naye chaki anaiweka chini mpaka umalize. Alipotaka kukufundisha majina ya wanyama ulikataa, ukamwambia ng'ombe wa Kizungu hajawahi kukuita umzalishe. Hata yeye alicheka.

Mimi sikuingia darasani. Nilijiona si mtu wa chaki. Maneno yako niliyashika kwa kukusikia tu, ukiyakariri huku unakuna nazi. Ulikuwa unakosea, unarudia, unakosea tena, wala huoni aibu. Sijapata kumwona mtu mzima mwenye moyo wa namna ile.

Sasa nikwambie ya juzi. Binti mmoja wa Kaole, mimba yake ya kwanza, na mtoto amekingama. Nilimpeleka mimi, bila wewe. Nikasimama mbele ya daktari, nikayasema maneno yako kama ulivyokuwa ukiyasema. Akageuka. Alinielewa, Bibi. Kisha akaniuliza swali, nami sikuambulia hata neno. Kusema tulijifunza, kuulizwa hatukukufikia. Nikaushika mkono wake, Mungu anisamehe, mkono wa daktari, nikauweka pale kilipo kichwa cha mtoto. Akapapasa, akaitikia kwa kichwa, wakamwingiza yule binti ndani haraka.

Mtoto yu hai. Wa kiume, na kelele zake ungezipenda. Nililia pale uani mwa hospitali, na machozi yalikuwa yako.

Lakini lile swali haliniachi. Mara hii mkono umetosha, mara nyingine huenda usitoshe. Jana nikaenda kwa Mwalimu Petro. Akaniuliza nataka kuanza na nini, salamu au hesabu. Nikamwambia anifundishe kuelewa ninachoulizwa. Akasema nimpe mpaka Jumanne.

Pumzika, Bibi yangu. Mungu akukunjulie kaburi lako, akupe nuru. Nami nakuahidi hili: daktari akiniuliza tena, nitamjibu.

Zaina wako