Mfunga Plasta

Dada mkubwa,

Shikamoo. Mko wazima wote? Mgongo wa shemeji umetulia? Mimi mzima, ila huu mkono. Naandika kwa kushoto, maandishi yamelala, vumilia.

Umesema unakuja na yule mzee wa kuunga mifupa, eti mkono haupoi. Usije. Ngoja nikueleze.

Nilipoanguka jukwaani nikipiga plasta ukutani walinikimbiza hospitali. Aliyenifunga plasta ni mama mmoja, mjane, kama mimi nilivyo mgane. Alipomaliza nikamwambia plasta yake ina mawimbi, kwetu msimamizi angeibomoa. Akasema ya kwangu inakaa miaka, yake inakaa wiki, kwa hiyo nitulie. Wenzangu walionileta wakanicheka, wakasema leo mpiga plasta kapigwa plasta.

Nikamuuliza Waingereza waliishiwa maneno au vipi. Ya ukutani plasta, ya mkononi plasta, na kile kibandiko cha kidole nacho plasta. Akasema chuoni waliambiwa neno lilianzia kwa Wagiriki wa zamani, dawa ya kupaka kidondani. Ukuta ulifuata baadaye. Nikabisha. Nikasema ukuta ndio wa kwanza, mtu ataumiaje kabla hajapanda? Alicheka mpaka akamwaga unga wa jasi. Dada, tangu wifi yako atutoke sijamchekesha mtu.

Sasa sikia. Ile plasta ililainika, akanifunga upya. Ikalainika tena. Wewe ukadhani mfupa umegoma. Haukugoma. Nilikuwa natumbukiza mkono kwenye ndoo mwenyewe. Jasi na maji navijua.

Nilipokwenda mara ya tatu aliibonyeza plasta kwa kidole, akaniangalia. Akasema fundi mzima najifanya sijui kazi ya maji. Akasema nikiendelea mfupa utaunga upande na sitashika mwiko wa plasta tena. Kama shida yangu ni kukaa pale, benchi lipo, hata mwenye mikono mizima hafukuzwi.

Sijailowesha tena. Kesho inatolewa. Ikishatoka nitamwambia nataka tuoane. Atajibu nini sijui.

Najua kuna mwanamke unataka kuniposea huko kwenu. Mwambie asiningoje. Hata huku nikikataliwa, asiningoje.

Nisalimie shemeji na watoto, mmoja mmoja. Yule mzee wa mifupa mshukuru, mwambie abaki na dawa zake.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi